Digrii ya binti ni ng'ombe wangapi?

Wiki hii barua karibu zote zinanuka nyama. Wa Kiteto analia, wa Morogoro analia, mwenye bucha naye analia, na mimi mwenyewe jumapili nimekula maharage kwaiyo msidhani nimekaa pembeni nawacheka. Nimechagua tatu. Ya kwanza ndefu na jibu lake refu, mnivumilie.

SWALI: Habari ya kazi ndugu mjibu maswali. Mimi ni mfugaji huku Kiteto, nimebaki na ng'ombe 38, zamani walikuwa zaidi ya 70 lakini ule ukame wa 2021 kuingia 2022 ulinimaliza. Binti yangu kamaliza form six, mchepuo PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kachaguliwa SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, kusoma mambo ya wanyama, nimefurahi sana kwa kweli. Sasa kijiji kizima kinaniambia mzee wewe umeshatajirika, nyama mjini imefika 11,000 hadi 12,000 kwa kilo, uza ng'ombe kumi mara moja umlipie mtoto yaishe. Juzi nimeswaga maksai wawili, madume waliohasiwa, hadi mnadani, wa miaka minne, wachuuzi wakawaangalia kwa macho tu wakasema laki saba na nusu kila mmoja. Nikakomaa. Wakaondoka. Jioni nikawauza kwa hiyohiyo laki saba na nusu maana kurudi nao kilomita 20 kwa miguu sikuweza. Nauliza, hiyo bei ya mjini inapotelea wapi? Na digrii ya huyu binti itakula ng'ombe wangapi? Niuze wote sasa hivi kabla bei haijashuka? Baba wa Binti, Kiteto.

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na hongera sana kwa binti. Chuo chenyewe kimepewa jina la Edward Moringe Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli, kwaiyo mtoto wa boma kwenda kusomea ng'ombe pale anaenda kama nyumbani.

Tuanze na bei inapopotelea. Mimi baba yangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, nimepanda malori ya kwenda mnada wa Pugu kule Dar tangu sina ndevu, kwaiyo hapa nitaongea kidogo kwa kuwatetea watu ambao najua huwapendi. Maksai wako tuseme alikuwa na kilo 240 akiwa hai. Akichinjwa, akatolewa ngozi, kichwa, miguu na matumbo, inabaki nusu hivi, kilo 120, tena na mifupa yake. Zidisha kwa 11,000 unapata 1,320,000. Wewe umepewa 750,000. Katikati hapo kuna 570,000 na ndo hiyo kijiji kinadhani imeingia mfukoni kwako.

Sasa hiyo 570,000 ina wenyewe wengi. Kuna kibali cha kusafirisha mifugo, kuna ushuru, kuna lori na mafuta yake ambayo yakipanda senti tano dereva anakupandishia elfu kumi, kuna vijana wa kuwasimamisha ng'ombe wasilaliane njiani, kuna yule anayevunjika mguu akachinjwa porini kwa bei ya bure, alafu ng'ombe akifika Pugu keshapungua kilo kadhaa kwa kiu na kusimama, na asipouzika siku hiyo anakula majani ya kununua. Hapo dalali hajachukua chake. Kuna gharama za machinjio, kuna gari la kupeleka nyama, kuna pango la bucha na umeme wa friji. Kila mmoja akichukua kidogo tu imekwisha. Sisemi hakuna wanaokamua, wapo, nimewaona na baba yangu alikuwa hakamui mara zote lakini mara nyingine alikamua. Utumbo, maini, kichwa na makongoro vinauzwa pembeni na hiyo haimo kwenye ile hesabu ya kilo 120, kwaiyo mchinjaji ana kanafasi ambako wewe hukaoni.

Ila pesa yako nyingi zaidi imepotelea pale mnadani, kwenye neno uliloandika mwenyewe: kwa macho. Mchuuzi anaangalia ng'ombe kila siku ya Mungu, jicho lake ni mizani. Wewe unauza mara nne kwa mwaka. Atakukosea kilo 30 na hutajua. Kama mnada wenu una mizani mpandishe ng'ombe kwanza ndo muongee, na kama haina kuna utepe unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unasoma makadirio ya uzito. Sio sahihi kama mizani lakini ukiingia kwenye mabishano ukiwa na namba ni tofauti na ukiingia ukiwa na hasira. Mwambie binti akuletee huo utepe likizo ya kwanza, kozi za wanyama mambo hayo ya kupima ndo maisha yao.

Kwanini nyama imepanda kabisa? Ng'ombe Tanzania tunao zaidi ya milioni 30, watu wanashangaa inakuwaje. Lakini wewe mwenyewe ni jibu mzee. Umetoka 70 umefika 38, sasa hivi majike unayashikilia ujaze boma tena, na wenzako wa Simanjiro na Longido wamefanya vivyo hivyo, ng'ombe wetu wa asili anahitaji miaka minne mitano mpaka awe wa kuchinja, kwaiyo ndama aliyekufa kwenye ukame ule ndo nyama ambayo mjini imekosekana miaka iliyofuata. Wengine wanavuka kwenda Kenya ambako bei ikiwa nzuri hakuna wa kumzuia mtu. Huku nao walaji hawapungui, sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7. Nasikia watu wanalaumu nyama inayopelekwa Ghuba, mi hapo nasita, huko wanakwenda zaidi mbuzi na kondoo kuliko ng'ombe.

Haya sasa digrii kwa ng'ombe. Ada tuweke 1,300,000 kwa mwaka kwa ajili ya hesabu tu, namba yenyewe utaikuta kwenye joining instruction, yale maelekezo ya kujiunga na chuo, kila kozi ina yake. Kula na kulala tutumie kipimo cha Bodi ya Mikopo, 10,000 kwa siku, ambayo hutoka kwa mafungu ya siku kama 60, yani 600,000, mara nne kwa mwaka, jumla 2,400,000. Wanafunzi wanaita boom. Vitabu na madaftari 200,000. Bima ya afya 50,400. Ada ya TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, 20,000. Jumlisha yote, 3,970,400. Gawa kwa maksai wa laki saba na nusu, ni watano na robo. Miaka mitatu ni kumi na sita.

Kumi na sita mzee. Kati ya 38. Na kama kozi yake ni udaktari wa mifugo basi ni miaka mitano, wanafika 27 na boma linabaki na mbwa. Sijaweka godoro, ndoo, koti la maabara, ovaroli, gambuti, simu inayoweza kufungua notsi, na nauli, japo nauli sio kitu kikubwa, akishafika Dar treni ya SGR hadi Morogoro daraja la kawaida ni 13,000.

Sasa hujaandika kama binti ameomba mkopo, na hilo ndo lilinifanya niweke kalamu chini nikasikitika kidogo. Wafugaji wengi wanaona mkopo ni aibu, mtu ana ng'ombe anakopaje. Mzee, aombe. Fomu inajazwa mtandaoni, kulipia maombi ni 30,000, anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, namba ya NIDA, mdhamini, saini ya serikali ya kijiji na ya mwanasheria au hakimu, na dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka, linafungwa kabla vyuo havijafunguliwa. Kama limeshafungwa mwaka huu, akishaingia mwaka wa kwanza aombe kwa ajili ya mwaka wa pili, watu wanapata. Wakimpa ile ya kula na kulala peke yake, wewe unabaki na 1,570,400, ambayo ni ng'ombe wawili na mguu kwa mwaka. Saba kwa digrii nzima badala ya 16. Atakuja kulipa mwenyewe akiajiriwa, wanakata asilimia 15 ya mshahara, inauma lakini mshahara unarudi kila mwezi na mtamba ukishauzwa haurudi.

Swali lako la mwisho, niuze wote sasa? Hapana, tena hapana kubwa, na ndo maana nimekupa jibu refu hivi. Angalia kalenda. Vyuo vinafunguliwa Oktoba Novemba. Oktoba kwako kuna nini? Majani yamekauka, ng'ombe mbavu nje, maji mbali, na kila baba mwenye mtoto wa chuo anashusha ng'ombe mnadani wiki hiyohiyo kwa shida hiyohiyo, mchuuzi anajua, anakaa kivulini anasubiri jioni. Yani umeuza maksai wako siku mbaya kuliko zote za mwaka na bado unajilaumu hukukomaa vya kutosha. Hukosei kukomaa, umekosea mwezi.

Ng'ombe wa ada anauzwa mwezi wa sita. Masika imetoka kuisha, amejaa, mgongo umelala, na miaka hii Idd el-Hajj inaangukia Mei na Juni watu wanatafuta madume wazuri wa kuchinja. Maksai yuleyule ukimpata kwa milioni moja Juni, ile digrii ya 16 inakuwa ya 12. Ng'ombe wanne umeokoa kwa kubadili mwezi tu. Hela usikae nayo kwenye mto, na usiiweke kwenye simu ambayo shemeji zako wote wanajua ina hela. Weka benki, au kuna ile mifuko ya uwekezaji ya UTT ambayo unaweza kuitoa ikifika Oktoba.

Na katika kuchagua nani aende, anza na jike lililozeeka au tasa, alafu maksai, madume ya ziada. Mitamba usiguse. Jike zuri la asili ndani ya miaka mitatu ya chuo linaweza kukupa ndama wawili, ukimuuza leo umewauza watatu kwa bei ya mmoja.

Kunenepesha je? Najua kuna mtu atakuambia. Ni kitu cha kweli, maksai akifungiwa siku 90 akalishwa pumba, mashudu ya pamba au alizeti na molasesi anaweza kuongeza kilo 60 hivi. Anza na wawili tu, andika kila gunia ulilonunua, kama pumba zimepanda kuliko nyama acha. Ila yurea, ile ya mbolea, usichanganye kwa kukisia hata kama jirani anakuambia anafanya, ikizidi inaua ng'ombe mchana kweupe, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata akuoneshe.

Kitu kimoja tena kabla sijaenda kwa wengine. Kama hesabu bado ni nzito kuna vyuo vya mifugo vya LITA, Tengeru, Mpwapwa, Buhuri na pengine, stashahada, gharama yake nafuu kuliko chuo kikuu na mtoto anatoka anajua kuchanja na kutibu. Simwambii binti aache SUA, kashachaguliwa aende. Nasema kwa ajili ya yule mdogo wake, maana wewe mzee sidhani kama una mtoto mmoja.

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko mwaka wa pili hapa Moro nasomea kilimo, tumepanga gheto watano. Nyama hatuijui tena, bei imepaa, tunakula ugali maharage mpaka jirani anatuita magereza. Tukapata wazo, tukusanye watu ishirini, kila mtu 40,000, tunapata 800,000, tunaenda Mvomero kwa wafugaji tunanunua ng'ombe tunachinja wenyewe, kila mtu kilo sita, yani kilo inatoka kama 6,700 badala ya 11,000. Hesabu imekaa au? Mwanachuo Mwenye Njaa.

JIBU: Marahaba mpwa. Hesabu imekaa, ng'ombe ndo hajakaa.

Umeandika kuchinja wenyewe. Wapi? Nyuma ya gheto? Mtu wa kilimo mwaka wa pili nakuuliza wewe, kimeta, ugonjwa wa ng'ombe unaohamia kwa mtu, ulishafundishwa au ulikuwa umelala? Ng'ombe anakaguliwa akiwa hai na anakaguliwa tena akishachinjwa, ndo muhuri unapigwa. Mkimpeleka machinjio kama inavyotakiwa ongeza usafiri, kibali, ushuru, mchinjaji, na dalali atakayewaona mnashuka na makoti yenu ya maabara akajua leo ni sikukuu. Mkimaliza kilo haina tena 6,700 hiyo. Alafu kilo sita kwa mtu mmoja kwenye gheto lisilo na friji, joto la Moro, siku ya pili tu mnagawa kwa majirani na yule anayewaita magereza anakuwa wa kwanza kuja na bakuli.

Fanyeni ndogo. Watu wanne, alfajiri, machinjioni wanakouza jumla, nunueni paja moja au mkono, mgawane siku hiyo. Bei ya pale na ya bucha ya mtaani hazifanani. Na jifunzeni vitu ambavyo watu wa mjini wanaviruka, makongoro, kichwa, utumbo. Enzi zetu tulikuwa tunabandika makongoro saa mbili usiku kwenye mkaa mdogo, tunasoma, saa sita mtu anaamka kuongeza maji, asubuhi supu imeganda kama gundi, chumvi na ndimu, unaingia kwenye mtihani una nguvu za trekta. Wakati mwingine mwenye zamu alilala na tukala mkaa, lakini sio kila siku.

Kuhusu bajeti, boom la 600,000 kwa siku 60 ni 10,000 kwa siku na pango la gheto limo humo humo. Robo kilo kwa siku kwa 11,000 ni 2,750, siku zote 60 ni 165,000. Zaidi ya robo ya boom imekuwa nyama. Kuleni jumamosi na jumatano, siku nyingine dagaa na maharage, wala hamtakufa, tena maharage yanayopikwa na mfupa mmoja wa elfu mbili ni msosi wa heshima. Tatizo la wengi wenu sio nyama, ni wiki ya kwanza ya boom, mnakula kitimoto na chipsi kuku kama mawaziri, wiki ya saba mnaniandikia barua.

SWALI: Mjomba mambo. Nina bucha ndogo wilayani, nachinja ng'ombe mmoja kwa siku, zamani walikuwa wawili. Wateja wananiita mwizi kila nikipandisha bei. Jamaa yangu ananishauri niache bei ileile ila niongeze mfupa kwenye kila kilo. Na ngozi siku hizi hakuna mnunuzi kabisa, nazika. Nifanyeje? Muuza Nyama.

JIBU: Poa mwanangu. Usiongeze mfupa. Mama wa mtaani ana mizani ndani ya mkono, anabeba mfuko anajua, na akijua haongei na wewe, anaongea na wenzake kisimani.

Andika bei kwa chaki ukutani, tatu: steki, mchanganyiko, na mifupa ya supu. Mwenye elfu mbili asione aibu kuomba ya elfu mbili, mkatie kwa uso uleule unaomkatia wa kilo tatu. Mizani geuza imtazame mteja. Ukipandisha bei waambie siku mbili kabla, na waambie ng'ombe umemnunua shilingi ngapi, mimi nimeona bucha inafanya hivyo, mwanzoni watu walicheka, baadae wakaanza kumpa mwenye bucha pole.

Ngozi inaniuma kama inavyokuuma wewe. Zamani hela ya ngozi ndo ilikuwa inamlipa mchinjaji, nyama ikabaki safi yako, siku hizi bei imekufa na hilo nalo limeingia kwenye kilo ya nyama bila mtu kuliona. Kabla hujazika nyingine angalia inavyochunwa, ngozi yenye matundu ya kisu hata mnunuzi akija hataichukua. Ipake chumvi, ianike kivulini, uliza mafundi wa viatu vya ngozi na wa ngoma mji wa jirani kama wanahitaji hata mbili kwa mwezi. Na kama utaendelea kuzika, zika mbali na kisima.

Barua za wiki ijayo ziwe fupi, nimechoka mkono.